Wembe wa Marehemu na Ndevu za Wanawe

Vijana wangu wa saluni, ninyi mnaofungulia muziki juu na kumaliza kichwa cha mtu kabla wimbo haujaisha, mmenisumbua sana niwaambie habari za wembe wa kukunja. Haya, kaeni. Zimeni hizo mashine kwanza. Sauti yake inanifanya nihisi nzi wameingia sikioni.

Mimi ni Hamisi, mzaliwa wa Tanga, na nimekaa Durban hadi Wazulu wananiita mkhulu, yaani babu, na Wakongo wananiita Papa Hamisi. Miaka yangu ya kazi niliimaliza ndani ya chumba chembamba njia ya kwenda Overport, asubuhi nanyoa, mchana nafufua nyembe za watu. Nimestaafu kwa sababu macho yamekataa kuona makali, na kinyozi asiyeona makali afadhali akauze ndizi. Sasa nakaa kwa binti yangu Sydenham. Kazi yangu huko ni kunoa visu vya jikoni na kulaumiwa kila mtu anapojikata.

Wembe ninaousema si ule mnaouvunja katikati na kuuchomeka kwenye kishikio, mkimaliza mnautupa. Huu ni chuma kimoja, mgongo mnene, ubavu umechimbwa, makali membamba kuliko karatasi. Unalala ndani ya mpini wake kama ulimi mdomoni. Ukitunzwa unamnyoa baba, unamnyoa mwana, unamnyoa mjukuu. Usipotunzwa unalala kwenye droo na kuota kutu, mpaka siku mjukuu anauokota na kufungulia kopo la rangi. Kisha anauleta kwangu. "Mkhulu, unaweza kuufanya uwe mkali?" Namwambia nitajaribu. "Sharp," anasema, maana hapa Durban neno hilo ndilo la kukubaliana. Nami nilikuwa nawajibu wote jibu lilelile: wewe ndiye sharp, wembe bado.

Kazi nilifundishwa na Anko Goolam, Mhindi wa papa hapa, kinyozi mwana wa kinyozi. Alikuwa mwembamba kama kitana, miwani imefungwa kwa uzi. Siku ya kwanza aliniuliza kama naweza kukaa kimya ninapofanya kazi. Nilimjibu kwa maelezo marefu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi tutaanza na hilo."

Kabla hajaniruhusu kugusa shavu la mwanadamu, alinipa puto. Unalipuliza, unalipaka povu la sabuni, unalinyoa. Ukikosea kidogo tu linapasuka na povu lote linakurukia usoni. Nilipasua la kwanza, Anko akafuta miwani yake, akasema kwa upole, "Mteja wako amekufa. Puliza mwingine." Jioni ile niliua wateja mpaka duka la jirani likaishiwa na maputo. Nilipolimaliza moja zima, nikalishika mkononi kwa fahari, Anko alilitazama akasema, "Huyu ameishi, lakini umemwachia sharubu."

Kuhusu kutu, alinifundisha hivi. Kutu nyekundu ni mgeni, amekaa juu ya mkeka. Mafuta ya cherehani, kitambaa na subira vinamtoa. Kutu nyeusi imejenga nyumba ndani ya chuma. Hiyo ukiikuta mbali na makali, iache, haimdhuru mtu. Ukiikuta kwenye makali yenyewe, lazima unoe mpaka uipite, na huko ndiko watu wengi hukata tamaa wakaenda kununua wembe wa plastiki. Kwenye jiwe la kunolea, ulaze wembe bapa kabisa, mgongo na makali yaguse pamoja. Ukiinua mgongo, unajenga makali ya shoka. Usukume makali yakiwa mbele, kama unataka kukwangua ngozi nyembamba ya jiwe. Kwenye ukanda wa ngozi, unaomalizia makali baada ya jiwe, ni kinyume, mgongo ndio unatangulia. Ukisahau, utaukata ukanda, na Anko Goolam ataacha Kiingereza na kuanza kusema Kigujarati, lugha aliyoitunza kwa ajili ya mambo ya kuumiza moyo.

Sasa niwaambie ya ndugu wawili, kwa sababu najua ndiyo mliyoijia. Binti yangu ameieneza mji mzima.

Wakati huo Anko Goolam alikuwa ameshafariki na chumba kilikuwa changu. Aliingia bwana mmoja, kifua kipana, ndevu kama brashi ya kuoshea magari. Jina lake Deo, Mkongo wa Bukavu, fundi wa chuma katika kiwanda kimoja kule Jacobs. Alitoa kitambaa, akakifungua mezani taratibu kama anafungua jeraha. Ndani mlikuwa na wembe wa kukunja, mpini wa pembe ya ng'ombe umepasuka, chuma chekundu kwa kutu.

"Papa Hamisi, hii wembe ni ya papa yetu," alisema kwa Kiswahili cha kwao, chenye Kifaransa ndani. "Amekufa. Tokea tumemzika, mi na ndugu yangu hatujanyoa ndevu. Mama anasema siku ya kutoa matanga tutanyolewa na hii wembe ya papa, kisha atasema inabaki kwa nani. Mi ndjo mkubwa, donc unaelewa."

Nikamwambia mimi naelewa kutu tu, mengine ni ya mama.

Kesho yake akaja wa pili. Huyu alikuwa mwembamba, viatu vyeupe, ndevu zimeota hapa na pale kama nyasi za uwanja unaochezewa mpira. Aliitwa Fiston. Alikuwa akitengeneza simu katika kibanda chake mjini.

"Papa Hamisi, ndugu yangu amekuletea wembe?"

"Ameniletea."

"Bon. Yeye ni mkubwa ya miaka tu. Papa alinipenda mi. Hakuna kinyozi aligusa uso ya papa, alikuwa anajinyoa mwenyewe, na alisema mi ndjo nitafuata mkono yake."

"Na Deo anasemaje?"

"Sijue. Hatusemeshane."

Ndivyo ilivyokuwa. Waligombana siku ya mazishi kuhusu nani atangulie kushika jeneza, na tangu hapo hawakuambiana hata habari ya asubuhi. Mama yao aliishi Cato Manor, na kila mmoja alimtembelea saa yake, kama wauguzi wa zamu mbili. Ujumbe ukiwapo, mama alikuwa anaupeleka.

Basi wakaanza kunitembelea mimi. Deo alipita akitoka kazini, Fiston alipita akienda kazini. Deo akauliza kwa nini nafanya polepole. Fiston akauliza kama haiwezekani kubadilisha tu ile sehemu ya chuma, kama tunavyobadilisha kioo cha simu. Kila mmoja alitaka nimwahidi kwamba nikimaliza nitaukabidhi kwake aupeleke kwa mama. Nilikuwa sinyoi tena, ni kuamua kesi. Wateja walianza kuja kusikiliza tu.

Hapo ndipo nikapata akili ambayo hadi leo nikiikumbuka najikuna kichwa. Ili kusafisha wembe vizuri, unatoa ule msumari mdogo wa shaba unaoshikilia chuma na mpini, vinakuwa vitu viwili. Nilikuwa nimeshavitenganisha. Nikawaza, nimpe Deo chuma akae nacho mpaka kesho kutwa, nimpe Fiston mpini, kila mmoja aone ana kitu cha baba yake mkononi, nami nipate kumnyoa mtu kwa amani. Nabii Suleiman alitishia tu kumkata mtoto katikati. Mimi nikamkata kweli.

Deo alirudi wa kwanza, na uso wa mtu aliyeleta zawadi. Alitoa glavu ya kazini, akachomoa wembe.

"Papa Hamisi, nimekusaidia. Wewe unafanya na mikono, polepole. Kule Jacobs tuko na grenda. Kidogo tu, kutu yote imeenda."

Chuma kilikuwa kinang'aa kama sufuria ya harusi. Nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Upande wa ncha kilikuwa na rangi ya samawati, kama shingo ya njiwa.

"Rangi nzuri," Deo akasema.

"Ni rangi ya msiba," nikamwambia.

Sikilizeni vizuri hapa, vijana, maana mashine mnazipenda. Chuma cha wembe kilipikwa mara moja na aliyekitengeneza, kikapozwa, ndiyo maana kinashika makali. Grenda inakipasha moto upya haraka kuliko unavyoweza kuvuta pumzi. Kikifika rangi hiyo, kimelegea. Utakinoa leo, kesho hakikati hata siagi. Nilimweleza Deo hivyo. Alikuwa mtu anayejua chuma, sikuhitaji kurudia. Alikaa kwenye kiti cha wateja, ndevu zake zikashuka kifuani.

"Eish," alisema. "Usimwambie Fiston."

"Sitamwambia."

"Na mama?"

"Nenda kazini, Deo."

Alipotoka tu, nikaona viatu vyeupe mlangoni. Fiston alisubiri kaka yake avuke robot, yaani taa za barabarani, kisha akaingia. Hakukaa. Aliweka mpini mezani na kuusukuma kwangu kwa kidole kimoja.

Ufa haukuonekana tena, na hilo nilimsifu. Pembe ilikuwa laini, imeng'arishwa, inapendeza kabisa. Nikajaribu kuona mahali chuma kitakapolala. Hapakuwapo. Mpini wa wembe una mbao mbili, au pembe mbili, na kati yake pana nafasi. Fiston alikuwa ameupaka gundi ya vioo vya simu, akaubana kwa vibanio vyake, na pande zote mbili zikawa kitu kimoja, kama midomo ya mtu aliyekula kiapo cha kunyamaza.

"Hii gundi inashika sana," alisema kwa sauti ndogo. "Hata maji haiingii."

"Naona."

"Papa Hamisi, Deo asijue."

Nikamwambia hatajua. Nikafunga mlango, nikakaa peke yangu na nusu mbili za marehemu, moja imeungua na nyingine imezibwa, na sherehe ya kutoa matanga ilikuwa Jumamosi. Kama mama yule angeuona wembe katika hali ile, wanawe wangetafuta wa kulaumiwa, na kila mmoja angempata mwenzake. Jambo dogo la nani atangulie jeneza lingekuwa ukuta wa maisha. Na ukuta ule ningeuweka mimi, kwa hekima zangu za Suleiman.

Nilianza na mpini. Pembe ikipashwa mvuke inalainika, na gundi nyingi nazo hukata tamaa kwenye joto. Nikachemsha maji jikoni kwa binti yangu, nikaushikilia mpini juu ya mvuke, nikaingiza uzi wa mshono katikati na kuuvuta huku na huku kama msumeno. Pembe moto inanuka kama nywele zilizoungua. Binti yangu alikuja mbio akidhani nimeshika moto mimi mwenyewe. Alipoona ni kazi, alifungua madirisha yote na kuniuliza kama sina umri wa kucheza bao na wazee wenzangu. Uzi ukakatika, nikaweka mwingine, hatimaye pande mbili zikaachana kwa mlio mdogo wa kukubali.

Chuma kilikuwa kigumu zaidi. Sehemu iliyolegea hairudi. Dawa ni kuiondoa. Nikaisugua ncha kwenye jiwe la kukwaruza, naichovya majini kila mara ili isipate joto, nikaila ncha ile kidogo kidogo hadi samawati yote ikaisha. Wembe uliokuja na pua ya pembe nne sasa ukawa na pua ya mviringo, na mfupi kidogo. Kisha nikaurudisha kwenye mawe, jiwe gumu, jiwe laini, jiwe laini zaidi, kila nikimaliza naupitisha kwenye vinywele vya mkono wangu. Mkono wangu wa kushoto ukabaki na upara. Nikachomeka msumari mpya wa shaba na kuugonga kwa nyundo ndogo. Kugonga huku ni kwa adabu. Ukitumia nguvu, pembe inapasuka tena, na hapo huna tena Fiston wa kumsingizia.

Wembe ulipofunguka na kujifunga wenyewe kwa ulaini, bila kugusa ukingo, nilikaa chini nikanywa maji.

Jumamosi nilipanda taxi hadi Cato Manor na mkoba wangu wa kunyolea. Nyumba ilijaa watu wa kanisa na jamaa. Deo alikaa karibu na mlango, Fiston karibu na dirisha, kati yao wamewekwa wajomba kama magunia ya mchanga. Mama yao, Mama Deo, alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono mipana na sauti ya chini. Alinipokea kwa heshima, akanikalisha, kisha akanyoosha kiganja. Nikampa wembe.

Aliufungua, akaugeuza.

"Ilikuwa na pua," alisema. "Pua imeenda wapi?"

Deo akatazama sakafu. Fiston naye, ambaye hakujua lolote kuhusu grenda, akatazama mpini na kuanza kutoka jasho.

"Ilikuwa imechoka pale mbele, mama," nikasema. "Imebidi niipunguze."

"Chuma haichoke, Papa Hamisi. Ni kichwa ya watu ndjo inachoka." Aliwatazama wanawe mmoja baada ya mwingine.

Nikafungua mkoba, nikatoa brashi na sabuni, nikavuta kiti katikati ya chumba. "Deo, karibu," nikasema.

"Kunywa chai, Papa Hamisi," mama akasema, naye akaanza kukunja mikono ya gauni lake.

Nilidhani sijasikia vizuri. Akanawa mikono kwenye beseni, akachukua brashi yangu, akamwonyesha Deo kiti. Deo akakaa.

"Mama," Deo akasema, "utafanya nini?"

"Nitakunyoa."

"Na wembe ya papa? Ile ni kazi ya wanaume. Papa alikuwa anajinyoa."

Mama Deo alimpaka povu kwa mizunguko midogo, hana haraka. "Papa yenu alikuwa mwanaume ya nguvu," alisema. "Alibeba magunia, alijenga nyumba, alivuka na sisi mipaka yote ile. Lakini akishika hii wembe, mkono ilikuwa inatetemeka kama ya mtu amekunywa. Wiki tuliyoowana alijikata sikio. Tokea pale, mi ndjo nilikuwa namnyoa."

"Lakini alikuwa anafunga mlango," Fiston akasema kutoka dirishani. "Tulikuwa tunasikia ananyoa."

"Mlikuwa munasikia wembe. Mlango haisemi mkono ni ya nani."

"Akitoka alikuwa anasema mwanaume anajinyoa mwenyewe."

"Alikuwa anasema. Mi nilikuwa nakubali. Ilikuwa inamfurahisha." Alipitisha wembe mara mbili kwenye kiganja chake kama kwenye ukanda. "Nimemtunzia siri yake hata ndani ya matanga. Sasa matanga imeisha."

Mjomba mmoja alianza kucheka, akajificha kwenye leso. Mwingine akafuata. Mwanamke mzima wa kwaya alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, siku kama ile ni vigumu kutofautisha. Mimi nilishika kikombe cha chai na kutazama mkono ule. Nimewaona vinyozi wengi, vijana wangu. Sijamwona mwingine aliyevuta ngozi ya shavu kwa kidole kimoja namna ile na kuushusha wembe bila kusita, akisikiliza mlio wake. Ndevu za miezi zilianguka kwenye taulo kama pamba nyeusi.

Alipofika chini ya kidevu, Deo alipata ujasiri. "Mama, kwa hiyo wembe inabaki kwa nani?"

Wembe ukasimama juu ya koo lake.

"Uliza tena," mama akasema.

Deo akafumba macho.

Mama alichovya brashi kwenye bakuli kwa ajili ya shavu la pili, akakunja uso. "Maji imepoa. Fiston, letea ndugu yako ingine."

Wajomba wakakaa sawa. Fiston alibaki dirishani kwa muda, mikono mfukoni. Halafu akaenda jikoni. Tulisikia birika likiguswa, kabati likifunguliwa, maji yakianza kulia. Aliporudi, alipita katikati ya watu wote akiwa ameshika birika kwa mikono miwili, akamwaga kwenye bakuli polepole, akajaribu kwa kidole. Akamtazama kaka yake, ambaye nusu ya uso ilikuwa ya mvulana na nusu nyingine bado brashi ya kuoshea magari.

"Iko moto sana?" akauliza.

Deo akachovya kidole chake.

"Iko sawa," akasema. Kisha, kwa kuwa mama yao alikuwa bado amesimama pale na wembe, akaongeza, "Asante, ndugu yangu."